Kuijaza na kuitia majira Seiko 5 ya zamani

Anayerithi saa ya mkononi ya Seiko 5 ya miaka ya 1980 kutoka kwa babu yake aanze kwa kuigeuza na kusoma mgongo wake, kwa sababu tarakimu nne zinazotangulia kistari ndizo jina la mashine iliyomo ndani. Maelezo haya yanahusu mashine ya 7009, ambayo haitiwi ufunguo kwa vidole. Ukizungusha kifundo cha pembeni kikiwa kimebanwa ndani, kitazunguka bure tu, na nadhani ndiyo sababu kikafichwa karibu na tarakimu 4, pasipomshawishi mtu kukishika.

Kinachokaza kamani, yaani utepe wa chuma uliokunjwa unaoiendesha saa, ni kipande kizito cha chuma chenye umbo la nusu duara, ambacho huzunguka kila mkono unapocheza. Saa iliyolala kabatini ishike uso ukitazama juu, uiyumbishe taratibu kulia na kushoto kwa muda wa nusu dakika, kisha uivae. Kuitikisa kama chupa ya dawa hakuharakishi lolote. Huna haja ya kuogopa kuikaza kupita kiasi, kwani kamani ikishajaa huteleza yenyewe ndani ya pipa lake.

Penye hatari ni kwenye tarehe. Kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri, yaani akrabu ya saa (mshale mfupi) inapotoka kwenye 9 hadi kwenye 4, meno ya kubadilishia siku huwa yamekwisha kushikana, na ukilazimisha tarehe wakati huo unaweza kuyavunja. Kwa kuwa saa iliyosimama haikuambii kama ilisimama usiku au mchana, vuta kifundo hadi mwisho, ulete akrabu ya saa kwenye 6. Hapo, iwe alfajiri au magharibi, uko salama. Sasa kirudishe hatua moja: kukizungusha upande mmoja hubadili tarehe, upande wa pili hubadili jina la siku. Majina hayo huandikwa kwa lugha mbili zinazopokezana, na saa nyingi zilizouzwa nchi za Ghuba zina Kiarabu, kwa hiyo usishangae siku moja ikitokea mara mbili.

Weka tarehe na siku ya jana, si ya leo. Kisha vuta kifundo hadi mwisho na uzungushe akrabu mbele mpaka tarehe iruke. Hapo ndipo saa sita usiku ya mashine hii, na ukitaka saa za mchana baada ya adhuhuri, ipitishe 12 mara nyingine. Wapo wazee waliotega akrabu zionyeshe saa za Kiswahili moja kwa moja. Kwao tarehe hubadilika jua linapotua au linapochomoza, na ikibadilika linapotua, mwenye kuhesabu siku kuanzia magharibi hataona kasoro yoyote.

Akrabu ya sekunde haisimami kifundo kinapovutwa, hivyo usahihi wa sekunde hautafutwi hapa. Ishushe akrabu ya dakika nyuma kidogo ya wakati halisi, uisogeze mbele hadi ifike, ndipo ubane kifundo. Ikiwa umeivaa kutwa nzima na bado inasimama kabla ya asubuhi, huenda mafuta yamekauka. Mpelekee fundi saa aifungue, aioshe na kuipaka upya.