Somo: Kunasa mwani wa maji machafu kwa vipira vya kuvu

Swali la jinsi ya kunasa mwani kwa kuvu linarudi kila wiki, kwa hiyo naliandika mara moja. Hapa ni kipimo cha ndoo. Bwawa baadaye.

1. Lita 1 ya maji, glukosi gramu 10, dondoo ya hamira gramu 3, pH (kipimo cha asidi) 5.5. Ua vijidudu kwa nyuzi 121, dakika 15.

2. Ikipoa, tia spora (chembe za uzazi) za kuvu Aspergillus oryzae, kama milioni 1 kwa kila mililita. Vaa barakoa. Zihesabu kwa darubini. Zikiwa chache mno utapata madonge makubwa yanayooza katikati kwa kukosa hewa.

3. Tikisa kwa nyuzi 28, mizunguko 150 kwa dakika, siku 2 hadi 3, kuvu ijiviringe kuwa vipira. Maji yasipite theluthi ya chupa.

4. Suuza vipira mara tatu. Sukari ikibaki, bakteria watashangilia.

5. Vitie kwenye ndoo ya maji yenye mwani, koroga taratibu saa 24. Vipira vyeupe vitageuka kijani, maji yataanza kung'aa.

6. VITOE. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Maji yakishang'aa wanadhani kazi imekwisha, vipira wanaviacha humo. Mwani ulionaswa ukifa hupasuka: naitrojeni na fosforasi zinarudi majini, na kama ni sianobakteria (bakteria wanaofanana na mwani) wenye sumu, mikrosistini, yaani sumu yao, inamwagika yote. Maji masafi kwa macho, mabaya kuliko jana. Chekecha mara rangi inapotulia, wala usiwape mifugo mabaki.

MASWALI

— Mkuu, nimetupa mikate yenye ukungu bwawani, mbona bado kijani?
Hatua ya 2 imetaja kuvu kwa jina. Ukungu wa mkate huujui, na mkate wenyewe unalisha bakteria wanaomaliza oksijeni. Utoe leo. Ingiza hewa usiku kucha. Samaki hufa alfajiri.

— Nikiyachemsha maji hayo, yanafaa kunywa?
Hapana. Mikrosistini haiharibiki kwa kuchemsha.

— Shukrani kwa somo. Kwa nini mwani unanata kwenye kuvu? pH inahusika?
Sana, na umeuliza vizuri. Seli za mwani zina chaji hasi. Kwenye maji yenye asidi kidogo, ukuta wa kuvu hupunguza chaji yake hasi, msukumano unapungua. Mchana mwani hula kaboni dioksidi, pH inapanda hata kupita 9, kwa hiyo anza asubuhi mapema. Jaribu vikombe vitatu, pH 5, 7 na 9, uone tofauti mwenyewe.

— Na mabua ya shayiri?
Yakioza polepole penye hewa huweza kuzuia mwani mpya, ila si kila mara. Uliopo hayaui. Yafunge kwa wavu, yaelee karibu na uso wa maji.