Kupiga picha vipokezi vya uvimbe kwa panya: hesabu peptidi, si mionzi peke yake

Mwongozo huu ni wa anayeanza kupiga picha za PET (picha zinazoonyesha mahali dutu yenye mionzi ilipokusanyika mwilini) kwa panya wa maabara kwa kutumia DOTATATE, peptidi yaani kipande kifupi cha protini, iliyounganishwa na galiamu-68, metali yenye mionzi. Peptidi hii hushika kipokezi (protini iliyo juu ya seli) cha homoni ya somatostatini, aina ya pili, kile kile ambacho madaktari hukitafuta kwa wagonjwa wa uvimbe wa nyuroendokrini, unaotokana na seli zinazotoa homoni. Nachukulia kwamba kibali cha kamati ya maadili ya wanyama na leseni ya mionzi unavyo tayari. Kama huna, ishia hapa kwanza.

Hatua ya 1: Uvimbe

Seli za AR42J, zilizotoka kwenye uvimbe wa kongosho la panya wa jamii kubwa (rat), zina vipokezi hivi tele. Dunga milioni kadhaa chini ya ngozi ya bega la panya asiye na kinga ya mwili. Usidunge pajani: figo na kibofu huwaka vibaya kwenye picha, na uvimbe ulio karibu navyo hauonekani vizuri. Piga picha uvimbe ukiwa na milimita 7 au 8. Ukiachwa ukue sana, katikati hufa, na nyama iliyokufa haina kipokezi cha kukuonyesha.

Hatua ya 2: Jenereta

Jenereta ni safu yenye gerimaniamu-68 ambayo huoshwa kwa asidi ili kutoa galiamu. Gerimaniamu-68, yenye nusu-maisha ya siku 271, huzaa galiamu-68, yenye nusu-maisha ya dakika 68. Galiamu nayo ikioza huwa zinki, na hapo ndipo Jumatatu huwaponza wengi. Jenereta iliyokaa wikendi nzima bila kuguswa imejikusanyia zinki, na zinki hugombania nafasi ile ile ndani ya DOTA, sehemu ya DOTATATE inayoshika metali. Kwa hiyo toa galiamu mara moja asubuhi na mapema, iweke kando kama taka, kisha ngoja. Baada ya muda wa saa 4 jenereta huwa imerudisha takriban asilimia 90 ya galiamu yake, safari hii ikiwa safi.

Angalia pia nguvu ya asidi. Jenereta zenye dioksidi ya titani kwa kawaida huoshwa kwa asidi ya hidrokloriki ya 0.1 M (moli kwa lita), ilhali zile za maabara ya iThemba LABS ya Afrika Kusini, zenye oksidi ya bati, hutaka 0.6 M. Asidi kali zaidi maana yake ni bafa (kimiminika kinachodhibiti pH) nyingi zaidi kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Kuunganisha

Weka mikrogramu 10 za peptidi, ambazo ni kama nanomoli 7, kwenye bafa ya asetati ya sodiamu. Ongeza galiamu, hakikisha pH iko kati ya 3.5 na 4, kisha pasha joto kwa nyuzi 95 kwa dakika 10. pH ikipanda, galiamu huganda kuwa chembechembe zitakazoishia kwenye ini. Ikishuka sana, DOTA haishiki kitu. Tumia maji yasiyo na metali na ncha za plastiki. Sindano ya chuma isiingie kwenye mchanganyiko kabisa.

Hatua ya 4: Usafi

Weka tone moja kwenye ukanda wa ITLC-SG (ukanda wa kutenganisha kemikali kadiri kimiminika kinavyopanda), ndani ya asetati ya amonia ya 1 M na methanoli kwa kiasi sawa: peptidi hupanda, chembechembe hubaki chini. Rudia kwa sitrati ili kuona galiamu iliyo huru, ambayo humo ndiyo hupanda. Chini ya asilimia 95 mimi simdungi panya. Napitisha kwenye katriji ya C18, kichujio kinachoshika peptidi, na kupima upya.

Hatua ya 5: Hesabu

Tuseme umepata MBq (megabekereli, kizio cha mionzi) 350 ndani ya nanomoli 7, yaani MBq 50 kwa kila nanomoli. Panya wa kwanza akipewa MBq 5, anapata nanomoli 0.1 ya peptidi. Baada ya dakika 68 chupa ile ile ina MBq 175, lakini peptidi haijapungua. MBq 5 za sasa zinabeba nanomoli 0.2. Baada ya dakika 68 nyingine, 0.4. Kipimo cha mionzi kinasoma vilevile kwa wote, ilhali panya wa mwisho amedungwa peptidi mara nne ya mwenzake. Vipokezi vyake vinaanza kujaa, uvimbe unafifia, nawe unaandika kwamba dawa ya majaribio imefanya kazi!

Tiba yake ni mbili. Dunga wote ndani ya muda mfupi, au jazia peptidi baridi (isiyo na mionzi) ili kila panya apate nanomoli sawa. Na ukilinganisha panya waliopewa dawa na wasiopewa, usimalize kundi moja kabla ya kuanza jingine: changanya zamu.

Hatua ya 6: Kudunga na kupiga picha

Pasha mkia joto, dunga mikrolita 100 kwenye mshipa, na pima bomba la sindano kabla na baada. Picha baada ya dakika 60, kwa dakika 15 hadi 20, panya akiwa kwenye isoflureni (dawa ya usingizi) ya asilimia 1.5 hadi 2 na kitanda chenye joto. Jumuisha mkia kwenye picha. Ukiwaka, dozi haikuingia yote, na asilimia za dozi kwa kila gramu utakazokokotoa zitakudanganya.

Hatua ya 7: Kuziba

Ili kuziba vipokezi, kundi moja lipewe peptidi baridi mara 100 au zaidi pamoja na ile yenye mionzi. Uvimbe unapaswa kuzimika, kongosho pia. Figo zitabaki zinawaka, kwa sababu sehemu kubwa ya peptidi hunaswa kwenye mirija yake wakati wa kuchujwa, si kwa kipokezi. Uvimbe usipozimika, ulichopiga picha si kipokezi; rudi kwenye usafi na aina ya seli.

Mwishowe pasua, pima viungo kwenye kaunta ya gama, linganisha na picha. Mizoga ikae nyuma ya kinga ya madini ya risasi hadi kesho yake, ipimwe tena, ndipo iende kwenye tanuri.