Ndaki, Idara na Programu: Jua Nyumba Yako Chuo Kikuu

Kabla hujafunga begi la kwenda chuo, toa barua yako ya udahili uisome tena taratibu. Wengi husoma jina la chuo na la programu, wakashangilia, wakaikunja. Somo hili natumia mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, ninakokufahamu zaidi.

Hatua ya 1: Tenganisha maana mbili za "kozi". Nyumbani ukiulizwa unasoma kozi gani, unajibu "Sheria" au "Ualimu". Hiyo ni programu, yaani safari nzima hadi shahada: miaka mitatu kwa programu nyingi za sanaa, minne kwa sheria na uhandisi. Chuoni kozi ni somo moja la muhula, lenye msimbo wake, mtihani wake na uniti zake. Ukichanganya haya mawili, hata tangazo la ubaoni litakupotosha.

Hatua ya 2: Jua ngazi. Juu yupo Makamu Mkuu wa Chuo, mtendaji wa kila siku. Mkuu wa Chuo utamwona zaidi siku ya mahafali. Chini ya Makamu Mkuu zipo ndaki (college), shule kuu na taasisi. Ndaki huongozwa na rasi (principal), shule kuu na amidi (dean), taasisi na mkurugenzi. Ndani ya ndaki kuna idara, na mkuu wa idara ndiye utakayemhitaji kuliko wote hao.

Hatua ya 3: Chora programu yako kwenye karatasi. Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu hupotea. Chukua mwanafunzi wa ualimu anayesomea kufundisha Kiswahili na Jiografia. Masomo ya ualimu yako Shule Kuu ya Elimu. Kiswahili kiko TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, iliyozaliwa mwaka 2009 baada ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) na Idara ya Kiswahili kuunganishwa. Jiografia iko Ndaki ya Sayansi za Jamii. Angechagua Historia badala ya Jiografia, angekwenda Ndaki ya Insia (humanities). Bado kuna masomo ya maendeleo, yale ya DS (Development Studies), yanayotoka Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Shahada moja, nyumba nne! Andika kila nyumba, jengo lake, na kozi unazochukua huko.

Hatua ya 4: Soma herufi za msimbo. Ukiona DS 112, DS inakuonyesha kozi inafundishwa na nani, na tarakimu ya kwanza kwa kawaida inaonyesha mwaka wa masomo.

Hatua ya 5: Bisha mlango unaohusika. Mwaka wangu wa kwanza, katika chuo kingine, alama za kozi moja hazikuonekana. Wiki nzima nilikaa kwenye benchi la ofisi ya programu yangu, kila siku naambiwa nisubiri. Mwisho katibu mmoja mama mtu mzima akaweka kidole kwenye msimbo: "Mwanangu, hii si yetu. Nenda kwa waliokufundisha." Siku ile ile karatasi yangu ilipatikana kwenye idara ya kozi ile. Basi shika hivi: kwa alama za kozi, nenda idara inayoifundisha; kwa usajili, kuahirisha au kuhama, anza kwenye nyumba inayomiliki programu yako.

MASWALI

Mzazi, Singida: Mwanangu kapangiwa Mkwawa, Iringa. Majirani wanasema hicho si Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni kweli?

Shikamoo mama. Waambie Mkwawa ni chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam tangu 2005, sawa na DUCE (Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam) ya Chang'ombe. Kina rasi wake na kampasi yake, lakini shahada ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Muhimbili na Ardhi navyo vilikuwa vishiriki vya Dar, ila tangu 2007 ni vyuo vikuu kamili, vinatoa shahada zao wenyewe.

Msomaji, Nairobi: Ndaki ndiyo kitivo?

Hapana, ndugu yangu. Dar ilikuwa na vitivo (faculty), cha Sheria kikitangulia mwaka 1961, kisha ikaja kwenye ndaki zinazokusanya idara nyingi zaidi. Kwenu Chuo Kikuu cha Nairobi kimefanya kinyume: mwaka 2021 kiliachana na ndaki, kikabaki na vitivo. Kwa hiyo ukihamia chuo kingine, uliza muundo wa pale.

Mwaka wa kwanza, Tabora: Kaka, nimepata programu nisiyoipenda. Nahamaje?

Pole, mdogo wangu. Fungua kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, uone kama alama zako za kidato cha sita zinakidhi sifa za hiyo unayoitaka. Zikikidhi, wahi kuuliza nafasi kwenye programu hiyo, maana dirisha la kuhama hufungwa mapema mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Kama una mkopo, hakikisha Bodi ya Mikopo imepata taarifa za mabadiliko, na ujibiwe kwa maandishi. Usiache kuhudhuria vipindi vya programu uliyonayo hadi barua ya kuhama iwe mkononi.