Kabla mtafiti mgeni hajaanza kuonyesha slaidi

Kama kesho mna semina ya mtafiti mgeni wa tiba, leo usiku ingia PubMed (hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba), andika jina lake la ukoo na herufi ya kwanza ya jina lake, kisha [au], alama ya kutafuta kwa jina la mwandishi. Fungua makala yake mpya kabisa, ruka utangulizi, soma grafu na maelezo ya chini yake tu. Slaidi nyingi hutoka humohumo, kwa hiyo akianza kuzikimbiza (na atazikimbiza) hutahangaika na mihimili ya grafu; utasikiliza kwa nini alitumia panya badala ya seli za binadamu. Swali la maana hutokea hapo. Haisaidii akileta data ambazo hazijachapishwa. Kwa majina yenye watu wengi kama Wang au Kim, ongeza chuo chake na [ad], alama ya taasisi ya mwandishi.