Picha kali za ndege wadogo: mwongozo wa Sabaki, Mida na Gede

Kijana mmoja anayetembeza wageni Watamu alinijia akitaka kuuza lenzi yake ya milimita 400. "Kaka, hii imekufa. Haitoi picha kali hata nifanye nini." Lenzi ilikuwa nzima kabisa. Wengi hutumia fedha nyingi kubadilisha vifaa ilhali tatizo liko hewani, juani au kwenye kidole cha mpigaji. Nimeyaandika haya kwa anayeanza na ndege wadogo wa pwani yetu: vitwitwi wa mdomo wa mto Sabaki karibu na Malindi, mdiria wa mikoko ya hori la Mida, chozi wa mabustani ya Gede.

Hatua ya 1: Tayarisha kamera

Kasi ya shata (pazia la kamera) iwe 1/1000 ya sekunde kwa ndege aliyetua, 1/2500 kwa anayeruka. Apacha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) iwe f/5.6 au ile pana zaidi uliyo nayo. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iachie kamera ichague yenyewe, mwisho wake 3200 mchana na 6400 msituni. Fokasi iwe ya kufuatilia (Nikon na Sony huiita AF-C, Canon huiita Servo), nukta moja tu. Piga mfululizo.

Usiogope ISO kubwa. Chengachenga hupunguzwa kwenye kompyuta, lakini picha iliyotikisika hakuna programu itakayoirudisha vizuri.

Hatua ya 2: Panga jua na maji pamoja

Ufuo wa Malindi umetazama mashariki. Maana yake, asubuhi ukisimama upande wa nchi kavu ukatazama bahari, jua liko usoni mwako na kila kitwitwi ni kivuli cheusi. Asubuhi basi piga ukitazama kusini au kaskazini kando ya ufuo ili mwanga uje ubavuni, au kaa upande wa bahari ukitazama bara.

Jioni mambo hugeuka, na hapa bamvua, yaani maji makuu, ni rafiki yako. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hujaa karibu na saa kumi jioni. Ukifika Sabaki saa nane na nusu, maji yanapanda huku jua likishuka mgongoni mwako, na ndege waliokuwa wametawanyika mbali kwenye tope wanasukumwa taratibu kuelekea ulipo. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50, kwa hiyo tazama jedwali la maji kabla ya kutoka, au muulize mvuvi yeyote. Usikae kwenye fungu la mchanga ambalo maji yatalizunguka.

Hatua ya 3: Kaa chini umngoje

Ukimwendea ndege, anaondoka. Ukikaa, anakuja. Jilaze kifudifudi, lenzi ikiwa kwenye kimo cha jicho lake, uwe umejifunika kikoi kilichofifia rangi. Mimi situmii stendi ya miguu mitatu kwa ndege wadogo: ni ndefu, ni nzito, na ukiisogeza wote wanaruka. Shona mfuko wa kitambaa kigumu, ujaze pojo, uweke lenzi juu yake. Unashika vizuri kuliko stendi nyingi za bei.

Hatua ya 4: Jua kwa nini picha si kali

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima, na ndipo yule kijana alipokwama. Usibadilishe chochote kwanza. Fungua picha, ikuze hadi asilimia 100, kisha itafute sehemu yoyote iliyo kali.

Kama mchanga ulio mbele ya ndege au nyuma yake ni mkali na yeye hana makali, fokasi imeteleza. Jambo hili ni jepesi kutokea kuliko unavyodhani. Kwa kamera ya sensa ndogo (APS-C), lenzi ya milimita 400, f/5.6, ndege akiwa mita 5 kutoka kwako, sehemu yote yenye makali ni kama sentimita 3 tu. Ukilenga bawa la karibu, jicho laweza kuwa nje. Lenga jicho, kila mara. Hamisha pia kazi ya fokasi kwenye kitufe cha nyuma kinachobonyezwa kwa kidole gumba, ili kubonyeza shata kusiianzishe fokasi upya pale jani linapopita katikati. Siku mbili tatu za kwanza utaona tabu, kisha hutataka kurudi kwenye njia ya zamani.

Kama tawi ni kali lakini ndege amefifia, yeye ndiye aliyesogea. Ongeza kasi ya shata. Chozi hatulii hata akiwa ametua. Kichwa chake kinazunguka muda wote.

Kama kila kitu kimevutika upande mmoja, ni mkono wako.

Kama picha nzima ina weupe kama wa maziwa, tazama kioo. Chumba chenye kiyoyozi ni adui: ukiitoa kamera humo alfajiri na kuingia kwenye joto la Malindi lenye unyevu, lenzi inapata ukungu papo hapo, na ukiufuta unarudi. Ilaze kamera barazani ndani ya begi lililofungwa, au itoe humo saa nzima kabla ya kuondoka. Pepo za kusi na kaskazi nazo hubeba chumvi, hivyo pangusa kioo kwa kitambaa laini kila ukirudi. Kile kioo cha bei nafuu cha kukinga lenzi ningekitoa kabisa, kwani kinapunguza makali na kuleta mwako. Kava ya jua, ile bomba fupi ya mbele ya lenzi, inatosha kuikinga.

Lililobaki ndilo lililomsumbua kijana: hakuna sehemu iliyo kali, hakuna mvutiko, na kati ya picha kumi za ndege aliyesimama tuli, mbili ni afadhali na nane ni uji. Hayo ni mazigazi. Mchanga mkavu ukishika moto, hewa iliyo juu yake hucheza, na mwanga unaotoka kwa ndege hufika kwenye lenzi ukiwa umepindapinda. Lenzi ndefu inaukuza mchezo huo pamoja na ndege mwenyewe. Jaribu hivi: lenga gogo lisilosogea lililo umbali uleule, kamera ikiwa juu ya mfuko, kisha likuze kwenye skrini ya nyuma. Likitikisika kama lililo chini ya maji, tatizo ni hewa, na hata lenzi ya bei ya gari haitakusaidia.

Dawa zake zina mashaka yake. Kusogea karibu ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu tabaka la hewa linakuwa fupi. Ndege aliye mita 8 atatoka vizuri wakati ambapo yule wa mita 40 haiwezekani. Kupiga mapema ni ya pili: saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi hewa bado imetulia. Mawingu husaidia, ingawa mchanga uliokwisha kushika moto huchukua muda kupoa. Kulala chini, niliyokusifia hatua iliyopita, kunaongeza ubaya huu, kwa kuwa hewa inayocheza zaidi ndiyo iliyo karibu kabisa na ardhi. Kwa hiyo lala pale ambapo kati yako na ndege pana maji au mchanga mbichi. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda bamvua ya jioni: maji yamefunika mchanga moto, na upepo unatoka baharini.

Hatua ya 5: Ukiingia msituni

Arabuko-Sokoke hakuna mazigazi, kuna giza. Ndege akiwa juu dhidi ya mbingu, ongeza mwanga wa picha kwa hatua moja hadi mbili (+1 hadi +2 kwenye kamera), la sivyo utapata kivuli. Kwenye miti ya mirihi (Brachystegia) wapo mnana wa Clarke, ambaye duniani kote hupatikana kaunti ya Kilifi peke yake, na chozi wa Amani, lakini wote hupenda vilele. Tafuta kundi la ndege mchanganyiko, litangulie kwa mbele, kisha tulia. Rangi za kung'aa za chozi hutokana na umbo la manyoya yake, kwa hiyo jua likitoka pembeni au nyuma yake anaonekana mweusi. Ngoja ageuke.

Hatua ya 6: Viota viache

Usipige picha kiota wala usikate majani yanayokificha. Kunguru wetu wa pwani hula mayai na makinda, na ana macho.

Hatua ya 7: Kata picha

Picha ya pikseli milioni 24 ukiikata nusu ya upana na nusu ya urefu inabaki milioni 6, na hizo zinatosha kuchapishwa kwenye karatasi ya A4. Acha nafasi zaidi upande anaotazama ndege.