SOMO: Joini ndani ya joini zinapoizamisha kweri

Wakuu, kweri (ombi la data kwa hifadhidata) inayosoma viu (kweri iliyohifadhiwa kwa jina, husomwa kama jedwali), ambayo nayo inasoma viu nyingine, kila moja ikiwa na joini (kuunganisha majedwali) zake, huenda vizuri data ikiwa chache. Ikikua, inakwama, na watu hukimbilia kuongeza RAM. Tazameni mpango wa kweri kwanza, yaani hatua ambazo hifadhidata imechagua kuipata data. Natumia hifadhidata ya PostgreSQL.

Hatua ya 1. Tanguliza EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS) mbele ya kweri, ikuonyeshe mpango huo. Kumbuka inaiendesha kweri kikwelikweli, kwa hiyo UPDATE au DELETE ifungie kati ya BEGIN na ROLLBACK.

Hatua ya 2. Hapa msiharakishe. Soma mpango kutoka ndani kwenda nje ukilinganisha rows (idadi ya rekodi) za makadirio na zile halisi, hadi upate pa kwanza zinapoachana. Tuseme ilikadiriwa rows=1, zikatoka 40000. Kwa kudhani ni rekodi moja, PostgreSQL ilichagua Nested Loop (kwa kila rekodi ya nje, inatafuta upya upande wa ndani), na upande wa ndani ukaonyesha loops=40000. Actual time ni wastani wa mzunguko mmoja: 0.5 ms utaipuuza, kumbe ukizidisha ni sekunde 20! Joini za juu yake zote zinarithi kosa hilo.

Hatua ya 3. Endesha ANALYZE (amri ya kusasisha takwimu za makadirio) kwenye jedwali husika, kisha kagua indeksi (orodha ya kutafutia haraka). PostgreSQL haikuwekei indeksi kwenye safu yenye FOREIGN KEY (inayorejelea jedwali jingine), weka mwenyewe.

Hatua ya 4. Bado nzito? Fumua viu, andika kweri juu ya majedwali unayoyahitaji tu. Mara nyingi utakuta nusu ya majedwali ya viu hukuyahitaji kabisa.

MASWALI

Swali: Mkuu, nikihamishia zile kweri za ndani kwenye WITH (kweri ndogo zenye jina, mwanzoni mwa kweri kuu), si yameisha?
Jibu: Hapana. Tangu toleo la 12, WITH ya SELECT ya kawaida inayotumika mara moja huyeyushwa ndani ya kweri kuu, mpango unabaki uleule. Ukiongeza MATERIALIZED unazuia isiyeyushwe, inakokotolewa kando, ila matokeo yake hayana indeksi.

Swali: Nina joini 11 na zote nazihitaji.
Jibu: Angalia join_collapse_limit (kikomo cha majedwali ambayo PostgreSQL inajipangia mfuatano wa kuyajoini), kwa kawaida ni 8. Ukiipita, mpangilio ulioandika wewe unaanza kuibana PostgreSQL. Ipandishe kwa sesheni (muunganisho wako wa sasa) hiyo tu, huku ukiangalia Planning Time (muda wa kupanga kweri).

Swali: Rekodi zinajirudia, naweka DISTINCT (ya kuondoa zinazofanana). Kuna ubaya?
Jibu: Upo, tena mkubwa. Oda yenye bidhaa 10 na malipo 3, ukiyajoini yote kwa pamoja, inatoa rekodi 30, na SUM ya malipo inatoka mara 10 ya ukweli. DISTINCT haiponyi jumla hiyo. Jumlisha malipo ya kila oda kwanza kwa GROUP BY kwenye kweri ndogo, ndipo uyajoini na oda.