Fildi ya Mtwara na Lindi kwa kijana anayesoma ughaibuni

Wazazi wengi wa Kusini mlioko Uingereza, Ujerumani au Marekani humleta kijana nyumbani likizo, akala pweza, akanywa madafu, akarudi. Kama yuko chuo kikuu, likizo hiyo hiyo inaweza kuwa fildi yake, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Ila kabla ya kukata tiketi, tazameni kalenda ya kazi za huku.

Chukua korosho. Likizo ndefu ya Ulaya huangukia kati ya Juni na Septemba, mikorosho ikichanua na wakulima wakipulizia salfa kupambana na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua na majani machanga. Anayesoma kilimo, biolojia au kemia atakuta kazi imepamba moto, na pa kubisha hodi ni TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho nje kidogo ya mji wa Mtwara. Anayesoma biashara akija Julai atapiga miayo. Minada ya stakabadhi ghalani, ambamo korosho huwekwa ghalani kwa risiti kisha huuzwa kwa pamoja, huchangamka kuanzia Oktoba, AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) zikikusanya mzigo na malori yakipanga foleni. Huyo afaa aje kwenye ule mwaka wa kazi ambao shahada nyingi za Uingereza huuweka katikati ya masomo.

Mitambo ya gesi ya Madimba, Mtwara, na Songo Songo, Kilwa, ndiyo kila mtoto wa uhandisi anaitaka. Aombe mapema sana, na asitegemee mjomba: mitambo ile haiingiwi kwa kujuana, kuna mafunzo ya usalama kwanza. Akikosa, kiwanda cha saruji au karakana ya bandari si pa kudharau.

Historia na akiolojia zina bahati ya pekee. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 ipo kwenye makumbusho ya Berlin. Kijana wa Ujerumani anaweza kuanzia huko kwenye mifupa, kisha akaja kuona ilikotoka, na njiani akapita magofu ya Kilwa Kisiwani, urithi wa dunia tangu 1981.

Sasa makaratasi, ambako wengi hukwama. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo mwanao mwenye pasipoti ya kigeni ni mgeni, hata kama bibi yake yuko Newala. Viza ya matembezi haitoshi; mjulishe mwenyeji wa fildi mapema ili aombewe kibali cha ukaazi cha daraja C. Akifanya utafiti, kuna na kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Bima nayo si ya kupuuza. Kwa sababu ya mapigano ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, serikali ya Uingereza imekuwa ikiwatahadharisha raia wake kuhusu ukanda wa Mtwara unaopakana na Msumbiji. Sisi tunaoishi huku twaenda sokoni kama kawaida, lakini chuo na bima yake hufuata tahadhari hiyo, na chuo kinaweza kukataa fildi ya Madimba au Msimbati kikakubali ya Lindi mjini au Kilwa. Ulizeni kwa maandishi, mtaje kijiji chenyewe, wala msiandike “Mtwara” tu.

Barua ya chuo ionyeshe tarehe, idadi ya wiki, kazi atakayofanya na jina la msimamizi. Nakala moja iende kwa mkurugenzi wa halmashauri. Na mfundisheni shikamoo kabla hajapanda ndege. Fundi mkuu asiyeamkiwa asubuhi atampa ufagio badala ya spana.